Kipimo cha Semina

Mimi ni mzaliwa wa Matwebe, wilayani Rungwe. Nilisomea udaktari kwa miaka mingi, lakini nilipoteuliwa mganga mfawidhi sikuwa nimefundishwa kusoma bajeti, kupanga zamu wala kupatanisha watumishi. Madaktari wengi nchini huingia uongozini hivyo: anayetibu vizuri hukabidhiwa ofisi.

Mafunzo yalinifikia baadaye. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia 5S, utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, nao ukaenezwa katika hospitali nyingine. Zikafuata semina za uongozi. Siku ya mwisho tulijaza fomu: mada zilieleweka? Mwezeshaji alifaa? Karibu wote tuliandika "vizuri sana", tukapokea vyeti.

Nilipoingia katika kazi ya kufuatilia mafunzo hayo, fomu zile hazikunitosha. Mmarekani Donald Kirkpatrick alikwisha kueleza mwaka 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: mshiriki ameridhika, amejifunza, amebadili utendaji, na kazi yenyewe imeleta matokeo. Sisi tuliishia kwenye ngazi ya kwanza.

Basi tukafungua vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Tulilinganisha miezi ya kabla ya semina na ya baada yake: dawa muhimu zilikosekana siku ngapi, rufaa za wajawazito zilitoka saa ngapi. Tulisoma mihtasari ya vikao kuona kama yaliyoazimiwa yalitekelezwa. Na hatukumuuliza daktari peke yake. Muuguzi mmoja alituambia, "Siku hizi ratiba ya zamu inabandikwa mapema, na daktari akiitisha kikao, kinafanyika." Jibu hilo lilinipa habari nyingi kuliko fomu zote.

Tulijifunza pia kuwa waangalifu. Dawa zikichelewa kutoka bohari, kiongozi mzuri huonekana hafai. Mfawidhi akihamishwa, faida huondoka naye. Daktari aliyefunzwa peke yake hurudi kwa matroni, mfamasia na mhasibu wasiojua alichojifunza, na mipango yake hukwama.

Kwa hiyo nawasihi wanaopanga semina hizi: wafunzeni viongozi wa kituo kwa pamoja, chukueni takwimu kabla ya somo la kwanza, na tengeni fedha za kurudi kituoni baada ya miezi sita. Mama anayeletwa usiku akiwa na uchungu ana haki ya kujua kama fedha za semina ile zimemfikia.