Diski Zisizo na Mlalamikaji

Kazi iliyonilisha miaka mingi hapa Isiolo ni kusoma diski ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa, hasa zilizotoka kwenye mashine za Unix kabla Windows haijatapakaa kila ofisi. Watu huiita ufundi, nami sikatai, maana mikono huchafuka. Lakini kadiri nilivyozidi kuifanya ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kinachozipoteza diski hizi si kutu wala vumbi letu peke yake. Zinapotea kwa sababu hakuna anayeziulizia, kisha ukimya huo huchukuliwa kuwa ushahidi. Tazama yaliyotokea 2025. Katika toleo la 6.15 la kerneli ya Linux, lililotoka Mei mwaka huo, kiliondolewa kipande kiitwacho sysv, kilichokuwa kikiiwezesha Linux kusoma diski za Xenix, za System V, za Coherent na hata za toleo la saba la Unix, la mwaka 1979. Sababu ilikuwa fupi. Tangu 2002 kipande hicho kilikuwa na kosa katika namna kilivyoshika kufuli wakati wa kusoma diski, na kosa halikuonekana mpaka 2023, tena aliyeliona hakuwa mtu bali syzbot, programu inayoitikisa kerneli usiku na mchana ikitafuta nyufa. Ikiwa kosa kama hilo limekaa miaka ishirini bila kulalamikiwa, basi hakuna anayekitumia, na kifutwe.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Msimbo usio na mwangalizi ndani ya kerneli ni hatari hata kwa asiyeujua, kwa kuwa diski iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuiangusha mashine nzima. Ninayoipinga ni nusu ya pili, kwamba pasipo mlalamikaji hapana diski. Mlalamikaji angekuwa nani? Wilaya za zamani zilipoacha nafasi kwa kaunti mwaka 2013, ofisi zilihama, vyeo vikabadilika, na vyombo vya miradi iliyokwisha fedha vikasukumwa stoo. Mwenye stoo hajui kwamba kilichomo kinasomeka, sembuse kujua kwamba mahali fulani kuna wasimamizi wa kerneli wa kuandikiwa barua. Anayeweza kulalamika ni yule aliyejaribu kusoma akashindwa, na sisi hatujaribu. Kwa hiyo simlaumu aliyefuta. Mzigo uko kwetu.

Nao si mzigo wa uganga, kwa maana maumbo ya diski hizi yameandikwa na kuchapishwa. Katika Unix ya toleo la saba, kila jina ndani ya saraka limepewa baiti 16: mbili za namba ya faili na 14 za jina. Ndiyo maana majina ya faili za zamani yamekatika kama yaliyoandikwa na mtu mwenye haraka. Faili ikifutwa, namba inageuzwa sifuri lakini herufi za jina hubaki pale pale, na fundi mvumilivu husoma majina ya vitu vilivyokwisha kutupwa. Anwani za vipande vya faili ziliwekwa kwa baiti tatu tatu ili kubana nafasi. Coherent nayo ilipanga baiti za namba zake ndefu kwa mtindo wa kompyuta za PDP-11, ambao si wa Intel wala wa SPARC. Mwaka 1983, katika 4.2BSD, Marshall Kirk McKusick na wenzake wa Berkeley walileta mpango wa kasi zaidi, ambao wengi tunaujua kwa jina la UFS, na alama yake ya utambulisho ni 0x011954, tarehe ya kuzaliwa ya McKusick mwenyewe. Napenda utani huo kwa sababu una kazi: ukizikuta baiti za alama hiyo zimepinduka, unajua mara moja kwamba diski ilitoka kwenye mashine ya ukoo mwingine. Hata hivyo Linux haikubali kubahatisha ukoo huo yenyewe. Ni lazima uitajie kwa neno la ufstype kama diski ni ya sun, sunx86, 44bsd, ufs2, hp au nextstep. Ukikosea, mara nyingi inakataa tu kuipachika, na hakuna kilichoharibika mradi hujaruhusu maandishi.

Hapo kwenye kuruhusu maandishi ndipo penye mtego. Wengi huamini kwamba ukipachika diski kwa sharti la “ro”, yaani kusoma tu, haitaguswa. Sivyo. Mifumo ya faili yenye daftari la matukio, kama ext4 na XFS, hulipitia daftari hilo na kukamilisha kazi iliyokatizwa hata chini ya “ro”, na kukamilisha huko ni kuandika. Kuizuia kunahitaji “noload” kwa ext4 na “norecovery” kwa XFS. Diski za XFS zilizotoka kwenye mashine za SGI zina ugumu wa ziada: zikiwa zilizimwa ghafla, kama stima inavyotukatikia sisi, daftari lililoandikwa kwa mpangilio wa kichakata kile haliwezi kukamilishwa na Linux ya Intel, na “norecovery” inakuwa ndiyo njia pekee. Basi naona afadhali diski ya asili isipachikwe kabisa. Inyonywe yote kwa programu ya ddrescue, baiti kwa baiti, kisha kazi ifanyike juu ya nakala.

Nimesikia mara nyingi kwamba haraka ya kuzinakili diski hizi haina maana, kwa sababu kerneli za zamani hazijachomwa moto. Ni kweli, Linux ya mwaka 2015 inakaa vizuri ndani ya kiigaji cha QEMU na kusoma kila ilichokuwa ikisoma. Lakini inamsaidia mwenye nakala tu. Mota ya diski, kadi ya SCSI yenye pini 50 na waya wake havipakuliwi mtandaoni. Wengine husema karatasi inashinda, na kwa Isiolo hoja hiyo ina nguvu kuliko wanavyodhani. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Northern Frontier District, na ripoti za wakoloni za kila mwaka, zilizopigwa filamu ndogo miaka ya 1960 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, bado husomwa kwa lenzi na taa. Kwa kudumu, karatasi imetushinda. Lakini ripoti ina jumla, haina safu zilizojumlishwa. Ukitaka kuuliza swali ambalo mwandishi wa ripoti hakuliuliza, unahitaji safu.

Na maswali mapya ndiyo yanayozipa takwimu kuukuu thamani. Idara ya Serikali ya Kenya inayohesabu mifugo na wanyamapori kwa ndege, DRSRS, ilianza hesabu hizo 1977. Mwaka 2016 watafiti wakazitumia kuonyesha kwamba wanyamapori katika kaunti za malisho, Isiolo ikiwemo, walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Hesabu za 1977 haziwezi kuwa zilikaa kwenye chombo kimoja miaka yote hiyo. Kuna watu waliozihamisha. Kama wangezisahau stoo, leo mfugaji wa Merti na mlinzi wa hifadhi wangebishana kwa kumbukumbu za vichwa vyao tu.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la majina. Diski ya mradi wa ukame yaweza kuwa na jina la mama, kijiji chake na kipimo cha mkono wa mtoto wake, na hakuna aliyemwambia kwamba fundi atakuja kuifungua baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi kwamba uzee wa diski unamwondolea mtu haki yake. Jibu langu ni kwamba kunakili si kuchapisha: nakala ifungwe, majina yatenganishwe na namba, na wanakijiji waulizwe kabla ya lolote kutoka. Kinachohitaji mwendo wa haraka zaidi ni jedwali la misimbo, kwa sababu safu iliyojaa 1, 2 na 3 haisomeki na Linux yoyote. Maana yake anayo karani aliyekwenda na jedwali hilo Garbatulla na Sericho, na huyo yuko hai, ana simu, na hajaulizwa.