Wimbo Ambao Gazeti Lilikataa

Nilimsingizia wizi mama mmoja wa Ruiru. Nilimsingizia kwa wimbo, kwa sababu gazeti lilikataa kunichapishia. Hilo ndilo kosa langu, na sitafuti kulipunguza uzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mwandishi wa mashinani nikiripoti kutoka Thika. Hatukuwa na mshahara. Tulilipwa kwa habari iliyochapishwa, na ile iliyotupwa ilikula nauli yako na siku yako. Siku za kazi nilishinda mahakamani, kwenye vikao vya baraza la manispaa, au kwa vibarua wa mashamba ya mananasi wakilalamikia malipo. Ijumaa na Jumamosi usiku nilipiga mugithi: mtu mmoja, gita moja, kinanda kinachojipigia ngoma, na wateja walioshikana mabegani wakizunguka meza hadi alfajiri. Nilipiga Makongeni, nikapiga na Ruiru mjini nilikokuwa nikiishi. Kwenye baa walinijua kwa jina la kisanii tu, kwa hiyo walionisoma gazetini hawakujua kwamba ndiye mimi. Nilizipenda kazi zote mbili kwa dhati, na bado nazipenda.

Eneo letu lina historia inayoweza kumlevya mwanahabari yeyote mwenye gita. Ukitoka Thika kwa barabara ya Gatanga unaingia nyumbani kwa wanamuziki wakubwa: kwao Daniel Kamau, kwao Peter Kigia, kwao John De'Mathew, aliyefariki katika ajali ya barabarani hapo Thika mwezi Agosti 2019. Joseph Kamaru naye alitoka Kangema, huko huko Murang'a. Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki alipotoweka, gazeti moja kubwa liliwaambia Wakenya kwamba yuko Zambia, kumbe mwili wake ulikuwa umeokotwa Ngong. Kamaru akatoa wimbo wa kumlilia na watu wakaugombania madukani. Nilikisimulia kisa hicho kila nilipopata mtu wa kunisikiliza: gazeti lilidanganya, wimbo ukasema kweli. Nilipenda pia kumtaja Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina, mwandishi na mchapishaji, ambaye mwaka 1952 alichapisha nyimbo za kudai ardhi na uhuru, akakamatwa Oktoba mwaka uo huo hali ya hatari ilipotangazwa, akafungiwa kizuizini kwa miaka. Kitabu alichokitoa baadaye kutokana na shajara yake ya huko kilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Hao niliwafanya kibali changu. Sikujiuliza walikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho. Kamaru aliimba juu ya mtu ambaye maiti yake ilikuwa imeonekana. Gakaara aliyasimamia aliyoyachapisha, na akayalipia. Mimi nilikuwa na uvumi na jina la kisanii.

Anayeijua Ruiru anajua habari za kampuni za kununua mashamba. Baada ya uhuru watu walichanga pesa kidogo kidogo wakanunua mashamba makubwa ya walowezi, ya kahawa na ya katani. Kila mwanachama alipewa cheti cha shea. Savea alipima, watu wakapiga kura ya ploti, kisha wakaanza kungojea hatimiliki. Kungojea huko kulichukua miaka mingi, na ndimo ulaji ulimoingia. Mtu alifika na cheti chake akakuta mwenzake amekwisha kuchimba msingi papo hapo, naye ana cheti chenye nambari ile ile.

Katika kampuni moja ya namna hiyo, wanachama waliodhulumiwa walinijia na vyeti vyao. Niliviona kwa macho yangu. Dhuluma ilikuwa ya kweli. Walipoulizwa nani aliyewadhulumu, wengi walimtaja mweka hazina, mama mtu mzima mwenye duka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipokea pesa na kuandika risiti. Niliandika habari ndefu. Mhariri alinipigia simu akaniuliza swali moja: huyo mama anasemaje? Nikamjibu kwamba amekataa kuzungumza nami.

Sikuwa nimekwenda kwake.

Naomba msomaji asilipite hilo kwa haraka, maana mengine yote yametoka hapo. Duka lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka nilikopanga. Sikwenda kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kukaa vizuri kichwani mwangu, na niliogopa kwamba angesema neno la kuiharibu. Mhariri naye alitaka karatasi, na sikuwa nayo. Habari ikatupwa. Nikamwita mwoga, nikachukua gita.

Katika wimbo jina lake sikulitaja. Nilitaja lango la duka na rangi yake, nikataja daftari lake la risiti, nikataja kwamba huketi kiti cha mbele kanisani. Mtaani kote hakuna aliyehitaji zaidi. Tulirekodi kwa Kikuyu, kanda zikauzwa steji ya Ruiru na steji ya Thika, na matatu za njia hiyo zikaupiga asubuhi na jioni. Lilikuwa jambo kubwa maishani mwangu. Watu waliniinulia chupa, wakasema mimi ndiye ninayethubutu kusema yale magazeti yanayoyaficha, nami nikawaamini. Huku mama yule alipoteza wateja. Chama chake cha akina mama kikamwomba akabidhi vitabu. Wajukuu wake waliimbiwa wimbo wangu wakitoka shule.

Kesi ya vyeti hivyo ilipofika mahakamani Thika, niliiripoti mimi mwenyewe. Daftari la mama lililetwa. Kila shea ilikuwa humo, kwa mwandiko mmoja, tarehe kwa tarehe. Vyeti vya ziada vilikuwa vimetolewa na maafisa wengine waliochapisha kitabu cha pili cha risiti pasipo yeye kujua, na daftari hilo ndilo lililowasaidia wanachama kuthibitisha ploti zao. Niliandika taarifa sahihi kabisa, ikatoka aya chache ukurasa wa ndani. Kuhusu wimbo sikuandika neno. Gazeti likikosea lina mahali pa kuchapisha masahihisho. Kanda iliyokwisha kuuzwa, kunakiliwa na kuazimwa haina, na mimi nilijificha katika tofauti hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kujisamehe.

Mwishowe nilikwenda. Nilimkuta dukani akipima sukari. Nilimwambia mimi ni nani, majina yote mawili.

“Ulikuwa unakaa wapi wakati huo?” akauliza.

“Hapa hapa Ruiru, mama. Nyuma ya soko.”

“Na hukuja.”

“Sikuja, mama.”

“Ungekuja ningekuonyesha kitabu. Kilikuwa hapa chini ya kaunta.”

Nilimwambia nimetunga wimbo mwingine wa kumsafisha. Alikataa. Alisema hataki kuimbwa tena, wala kwa uzuri. Alitaka nisimame katika mkutano wa wanachama, mchana, bila gita, niseme. Nilisimama nikasema. Baadhi walimshika mkono. Wengine walitoka wakinong'ona kwamba nimehongwa, na kwa hao sina la kufanya. Niliwafundisha mwenyewe kuamini kwamba kinachoimbwa kina ukweli kuliko kilicho kwenye daftari.

Bado kuna watu wenye wimbo ule kwenye simu zao, na wengine wanauomba kwenye sherehe. Basi naandika hapa kile ambacho ningekichapisha siku ya kwanza kama ningekuwa mwanahabari kamili: wimbo ule niliutunga na kuuimba mimi. Mama anayesemwa humo hakuiba shea ya mtu yeyote, hakuuza ploti mara mbili, wala hakukataa kuulizwa. Hakuulizwa.