Mdhamini ni Wewe

Viza niliyoihangaikia kuliko zote haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu wa Sri Lanka, niliyesoma naye Pune, India. Tulipika sufuria moja na kusafiri kwa treni pamoja mpaka watu wa hosteli wakazoea kumuuliza mmoja habari za mwingine. Viza hiyo ndiyo iliyonibadilisha.

Kabla ya hapo nilikuwa na kinyongo. Ubalozi mmoja wa Ulaya uliwahi kuninyima viza ya Schengen hali nina kila karatasi waliyoitaka: taarifa ya benki, barua ya likizo kutoka kazini, bima ya matibabu ya euro 30,000. Sababu waliyoandika ni kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi nyumbani. Mimi, mwenye mama, shamba Kibaha na mkopo wa benki! Tangu hapo, aliyetaja neno viza mbele yangu alisikia hotuba nzima, atake asitake.

Kwenda kwao Sri Lanka kulikuwa rahisi. Nilijaza fomu ya mtandaoni, nikalipa kwa kadi, nikapewa ruhusa ya siku 30. Tulizunguka Kandy, tukapanda mwamba wa Sigiriya, na kule juu, pumzi zikiwa zimetuishia, nikamwahidi Ngorongoro na Zanzibar. Nilijua Mmarekani hulipa dola 100 kwa viza ya Tanzania na wageni wengine wengi dola 50, wakaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Basi nikamwambia ajaze tu fomu, mengine yatajipa.

Kumbe nchi yake ilikuwa kwenye orodha ya zile ambazo maombi ya raia wake hayaamuliwi uwanja wa ndege wala ubalozini. Hupelekwa kwanza makao makuu ya Uhamiaji yachunguzwe, ndipo kibali kitoke. Mwombaji huambiwa aanze mapema, kama miezi miwili kabla ya safari, na asisafiri kabla ya jibu. Tena awe na mwenyeji anayemfahamu. Mwenyeji mwenyewe ndiye mimi.

Barua yangu ya kwanza ya mwaliko ilikuwa ya mapenzi matupu: alivyo mwema, tulivyoshibana. Nikaichana. Nikaandika ya pili yenye namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, atalala wapi, nani atalipa nini. Nikaambatanisha nakala ya kitambulisho changu cha Taifa. Kisha, ili isionekane nimejitungia anwani, nikaenda serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyo mgeni ni nani yako?"

"Rafiki yangu, nimesoma naye."

"Mhindi?"

"Hapana mzee, wa Sri Lanka."

Mwenyekiti akanitazama kwa juu ya miwani. Ana kazi huko kwao? Ana familia? Wewe umefika kwao ukapaona? Kwa nini aje sasa? Nikajibu moja baada ya jingine, nikianza kukereka, maana maswali hayo nilikuwa nayajua.

"Sikukatalii," akasema, huku akitafuta mhuri kwenye mtoto wa meza. "Ila akija akapotelea mjini, atakayeulizwa si yeye. Mdhamini ni wewe."

Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu nikamwomba barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Nilimwomba mtu ambaye nimelala kwa mama yake, nikala wali wa mama yake. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka: "Sasa umekuwa ubalozi." Nilicheka naye, lakini usingizi haukuja upesi.

Baada ya hapo nilisoma masharti mstari kwa mstari. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Sri Lanka haina homa ya manjano, lakini msafiri akikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, huweza kudaiwa cheti cha chanjo. Tiketi ya bei nafuu aliyoipata ilikuwa na ngojangoja ndefu ya namna hiyo, tukaiacha. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni wa kigeni awe na bima ya dola 44 ya hukohuko, hata kama ana nyingine. Mimi Mtanzania hainihusu, ndiyo maana sikuwahi kuisikia.

Kibali kilitoka. Ngorongoro aliiona, na Forodhani alikula urojo mpaka muuzaji akamzoea.

Hotuba yangu ya zamani siitoi tena. Ubalozi ule bado naamini ulinionea, na sitabadilisha neno hilo. Lakini zamani niliona swali lenyewe, "utarudi?", kuwa ni tusi. Leo naona tusi ni kumwomba mtu ushahidi kisha usiusome. Na sisi tusijidanganye: mlango wetu una kitasa kama wa wenzetu. Mimi niliingia kwao kwa fomu na kadi, naye kuingia kwetu alihitaji barua yangu, mhuri wa mtaa na uchunguzi wa makao makuu. Ukarimu tunaojisifia haumfikii mgeni asiye na mtu wa kumwandikia.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuzunguka nchi hii na rafiki wa mbali, muulize kwanza pasipoti yake ni ya nchi gani, kabla hujamtajia tarehe wala fukwe. Fomu isome pamoja naye. Na hakikisha anaombea kwenye tovuti ya serikali, ile inayoishia na go.tz, kwa kuwa zipo nyingine nyingi zinazofanana nayo na hutoza zaidi.