Safari ya Mtwara Kumtafuta Mkandarasi

Chama chetu cha ushirika cha msingi kipo Wilaya ya Masasi. Kwa misimu mingi korosho za wanachama zimehifadhiwa katika nyumba ya kupanga iliyojengwa iwe duka, na kila mwaka kuna magunia yanayoshushwa daraja kwa sababu ya unyevu. Mkutano mkuu ulipopitisha tujenge ghala letu wenyewe, la mita 15 kwa 30, kamati ya ujenzi ikaagizwa iwaone makandarasi walioomba kazi kwa macho, isiishie kusoma barua zao. Mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika, tukapanda basi la alfajiri kwenda Mtwara: mwenyekiti, mama mhasibu na mimi katibu. Mtwara nilikuwa naifahamu kwa matibabu na misiba. Kwenda kukagua majengo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Tulipita Ndanda, Nyangao na Mtama, mama mhasibu akiwa amepakata faili la zabuni kama mtoto. Tulipofika Mnazi Mmoja, barabara ya Lindi inapochepuka, mwenyekiti akaanza kusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, jinsi alivyohadithiwa na baba yake. Abiria wa kiti cha nyuma akadakia habari za Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, andika. Tuwaulize wanafunga vipi paa." Nikaandika.

Mtwara tulianzia kwa mkadiriaji majenzi aliyetutengenezea makadirio ya gharama. Huyu ndiye aliyetufundisha kusoma cheti cha mkandarasi. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ilianzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, na Bodi huwasajili makandarasi kwa aina ya kazi na kwa daraja. Wa majengo wanaanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi ambacho haliruhusiwi kukivuka. Akafungua faili letu, akaweka kidole kwenye cheti cha mzabuni mwenye bei ya chini kuliko wote. Cheti kilikuwa halali na ada ya mwaka imelipwa, ila kilikuwa cha kazi za barabara na madaraja, si cha majengo. Mama mhasibu alikirudia kukisoma, kisha akakitenga.

Baada ya hapo tukaenda kuyaona maghala yenyewe. La kwanza lilijengwa na mmoja wa wazabuni wawili waliobaki, na lilikuwa limeshapita masika kadhaa. Mtunza ghala alikuwa mzee mwenye kanzu iliyofifia na funguo nyingi kiunoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kununua au kuuza?"

Tulipomwambia tumekuja kutazama jengo, akafurahi waziwazi. Alituvusha kati ya magunia hadi kona ya nyuma, akamwita kijana waondoe chaga moja tupu, akalaza kiganja sakafuni na kututaka na sisi tufanye vivyo hivyo. Palikuwa pakavu. Chini ya jamvi la zege, alisema, kuna moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, na juu yake naironi nzito ya kuzuia maji ya ardhini. Siku ya kumwaga zege, mkandarasi aliwasimamisha vibarua mpaka mhandisi alipokuja kuikagua naironi hiyo na kuridhika kwamba haijatobolewa. Mzee alikuwepo, na aliisimulia siku ile kama harusi ya mwanawe.

Halafu akatupa kipimo chake mwenyewe. Chukua kipande cha naironi, kitandaze sakafuni, kingo zake uzibandike kwa selotepu, ukilaze usiku kucha. Asubuhi ukikuta kina jasho kwa chini, sakafu inapandisha maji. Korosho ghafi zinatakiwa unyevu usiozidi asilimia 10. Sakafu ya namna hiyo itazirudishia unyevu ulioutoa kwa kuzianika juani.

Ghala la pili sitasema liko wapi. Ufa ulianzia mlangoni ukaenda mpaka katikati, na magunia ya chini yalikuwa yameota ukungu mweusi. Madirisha ya hewa juu hayakuwa na wavu, ndege wakaingia. Sakafu ilikuwa chini, usawa wa ardhi, kwa hiyo kila gunia linapandishwa loriani kwa mgongo wa mtu. Liliniuma, kwa sababu lile ni jasho la wakulima kama sisi. Tulipouliza kama zege lilimwagiliwa maji walau kwa siku 7, hakuna aliyekumbuka. Tulipouliza kama vipande vya zege vilipelekwa maabara kupimwa siku ya 28, hakuna aliyejua kama vilipaswa kupelekwa. Mzabuni wetu mwingine ndiye aliyelijenga.

Mkandarasi wa lile ghala la kwanza tulimkuta kwenye kazi nyingine, nje kidogo ya mji. Kibao cha mradi kilikuwa barabarani, kikionyesha mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi msimamizi. Vibarua walipima mchanga na kokoto kwa boksi la mbao kwa kila mfuko wa saruji, na maji kwa ndoo yenye alama. Mama mhasibu alisimama kando ya mashine ya kuchanganyia akihesabu maboksi kimyakimya, asiseme neno mpaka hesabu ilipojirudia sawasawa mara kadhaa. Mwenyekiti akauliza la paa. Yule bwana alituonyesha nondo zilizoachwa zikichomoza kwenye lenta ili kufungia kenchi, na akatuambia bati la geji 28 ni nene kuliko la 30, tusidanganywe na ukubwa wa namba.

Bei yake ilikuwa juu ya ile ya mwenye cheti cha barabara, na mkutano mkuu ulilalamika kweli. Mwenyekiti hakuhutubia. Alisimulia tu sakafu mbili alizozishika, na kura zikapigwa. Mkataba unasema malipo ya awali yatoke baada ya dhamana ya benki, mengine yafuate hatua za kazi kwa hati ya mhandisi, na asilimia 10 izuiliwe. Nusu ya zuio italipwa baada ya kipindi cha matazamio cha miezi 12, maana yake ghala litanyeshewa msimu mzima kabla ya fedha ya mwisho kutoka.

Vyama vinavyojiandaa kujenga, tengeni nauli ya wajumbe wawili watatu kabla ya kusaini chochote. Waende kwenye jengo ambalo mkandarasi alikwishalikabidhi zamani, wamwombe mtunza ghala awaondolee chaga moja, na waishike sakafu.