Hamtramck: Mji Mdogo Tumboni mwa Detroit



Aghlabu ikitajwa Marekani, fikira zetu hukimbilia majumba marefu ya New York au Ikulu ya Washington. Walakini nchi ile kubwa haitawaliwi kutoka Washington peke yake. Mambo yanayomgusa mtu tangu anapoamka mpaka anapolala, kama vile kuzolewa taka, kulindwa mitaa, taa za njiani, ruhusa ya kujenga nyumba, na hata kiasi cha kelele kinachovumiliwa usiku, hukatwa shauri katika miji midogo, na mabaraza ya watu wachache wanaojulikana na jirani zao kwa majina. Leo tumekusudia kuwaelezeni khabari za mji mmoja wa namna hiyo, uitwao Hamtramck, katika jimbo la Michigan. Hatukuuchagua kwa uzuri wa majengo yake, bali kwa sababu khabari zake zina funzo kubwa juu ya madaraka na haki ya jirani.

Mji huu ni mdogo mno. Eneo lake ni kama maili 2 tu za mraba, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuukata kutoka mpaka hadi mpaka kabla ya saa moja kwisha. Umezungukwa karibu pande zote na mji mkubwa wa Detroit, isipokuwa kipande kidogo kinachopakana na mji mwingine mdogo, Highland Park. Nyumba zake zimebanana, nyingi zikiwa za mbao, na hakuna mji katika Michigan nzima ambao watu wake wamesongamana kuliko huu. Njia yake kuu yenye maduka huitwa Joseph Campau.

Huenda msomaji akauliza: mji mdogo kama huo ulisalimika vipi usimezwe na Detroit? Jawabu lake ni kiwanda. Mwaka 1910 ndugu wawili wa ukoo wa Dodge walifungua hapo kiwanda cha motokaa, na wakati huo Hamtramck ilikuwa kijiji cha watu 3,559 tu. Kazi ikawavuta watu, wengi wao wakiwa Wapolandi wa madhehebu ya Katoliki, na ilipofika mwaka 1920 idadi ilikuwa imeruka hadi watu 48,615. Kwa kuwa Detroit ilikuwa ikijitanua na kuvimeza vijiji vya jirani, wenyeji walikiandikisha kijiji chao kuwa mji kamili mwaka 1922. Kodi ya kiwanda ikabaki mikononi mwao, wakaitumia kwa mambo yao wenyewe.

Serikali ya mji huu ni nyepesi kufahamika. Wapiga kura wote wa mji humchagua meya mmoja na madiwani sita, na majina yao huandikwa katika karatasi ya kura bila ya kutajwa chama chochote. Baraza hupitisha sheria ndogondogo za mji na makisio ya fedha, na huajiri msimamizi mwenye ujuzi wa kuendesha kazi za kila siku. Yuko pia karani wa mji, atunzaye daftari na kusimamia kura. Shule zina bodi yake mbali, nayo vilevile huchaguliwa na wananchi. Mikutano ya baraza huwa ya hadhara. Raia yeyote ana haki ya kusimama akasema lake mbele ya meya na madiwani, naye akasikilizwa.

Lakini msidhani kwamba serikali iliyo karibu na watu huwa daima na insafu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mji ulipanga kubomoa mitaa mibovu na kupitisha barabara kuu, na nyumba zilizobomolewa zilikuwa kwa wingi za raia weusi. Waliofukuzwa wakaishitaki serikali ya mji mwaka 1968. Mwaka 1971 Jaji Damon Keith wa mahakama ya serikali kuu alihukumu kwamba mji ulikusudia hasa kuwatoa watu weusi. Mwaka 1980 yakapatikana makubaliano kuwa zijengwe nyumba 200 kuwafidia, na nyumba za mwisho hazikumalizika mpaka mwaka 2010. Tazameni muda huo! Kuvunja nyumba ya jirani ni kazi ya siku moja. Kuirudisha ilichukua miaka 42 tangu kufunguliwa kesi, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka huohuo wa 1980 kiwanda cha Dodge kilifungwa. Kodi ikapungua na wengi wakahama, hata kufikia mwaka 1990 mji ulibakiwa na watu 18,372, hali ya kuwa mwaka 1930 ulikuwa na watu 56,268. Hazina ya mji ikalegea mno. Mara mbili, kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 na tena kati ya 2013 na 2014, jimbo la Michigan lilimweka msimamizi wake wa fedha, na baraza lililochaguliwa likanyang'anywa amri juu ya mfuko wake. Hapa pana somo la kwanza: mji usioweza kulipa madeni yake haukai na uhuru wake.

Katika nyumba zile zilizoachwa tupu ndimo walimoingia wageni wapya. Walikuja Wayemeni, ambao baadhi yao tangu zamani walifanya kazi katika viwanda vya motokaa, wakaja Wabangladeshi, na baada ya vita vya Bosnia vya miaka ya 1990, wakaja Wabosnia waliokimbia mauaji. Maduka yakafunguliwa upya, misikiti ikasimama karibu na makanisa, na idadi ya watu ikaanza kupanda tena, mpaka hesabu ya mwaka 2020 ikawakuta watu 28,433.

Hawakupokelewa na wote kwa moyo mmoja. Katika uchaguzi wa Novemba 1999, kundi la watu lilisimama vituoni likawapinga wapiga kura zaidi ya 40 kwa sababu ya rangi zao na majina yao ya Kiarabu au ya Kiislamu. Waliopingwa walitakiwa kuapa kwamba wao ni raia, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha onyesha pasi zao za Marekani. Serikali kuu iliingilia kati, na mwaka 2000 mji ukalazimika, kwa makubaliano mbele ya mahakama, kuwafunza wasimamizi wake wa kura na kuwaweka miongoni mwao watu wenye asili ya Kiarabu na ya Kibengali. Wale waliodhulumiwa hawakususia kura. Waliendelea kujiandikisha, na mwaka 2003 Shahab Ahmed, mwenye asili ya Bangladesh, akawa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika baraza lile.

Ndipo likazuka shauri la adhana. Msikiti mmoja wa mji ule unaitwa Al-Islah, jina lilelile ambalo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilipa gazeti lake huko Mombasa mwaka 1932. Wazee wa msikiti huo waliomba ruhusa ya kuadhini kwa vipaza sauti. Wangaliweza kuadhini tu wakangoja kushitakiwa, lakini walichagua kwenda barazani kwa heshima na kuuliza. Rais wa baraza wakati ule alikuwa Bibi Karen Majewski, mwenye asili ya Kipolandi. Mwaka 2004 madiwani wote kwa kauli moja waliitengeneza upya sheria ya kelele: adhana, kengele za makanisa, na miito mingine ya ibada iruhusiwe baina ya saa 12 za asubuhi na saa 4 za usiku, na baraza liwe na uwezo wa kupima ukubwa wa sauti na kusikiliza malalamiko. Basi wakati wa kiangazi, ambapo huko jua huchelewa kuchwa, adhana za Alfajiri na Isha zikabaki nje ya muda wa ruhusa. Waislamu wakaridhika na kadiri hiyo.

Wapinzani hawakuridhika. Walikusanya saini na kutaka wananchi wenyewe waamue kwa kura. Khabari zikaenea dunia nzima, na wageni wakaja kutoka majimbo mengine kuhubiri dhidi ya adhana. Kura ilipigwa Julai 2004: watu 1,462 walitaka sheria ibaki, na watu 1,200 walitaka ifutwe. Tofauti ilikuwa kura 262 tu, na Waislamu peke yao hawakuwa na wingi wa kutosha kushinda. Walishinda kwa sababu Wakatoliki na wengineo wasio Waislamu waliona kwamba ikiwa kengele yao ina haki ya kulia, mwito wa jirani nao una haki ya kusikika.

Baada ya hapo mizani iligeuka. Mwaka 2015 Waislamu walipata viti vinne kati ya sita vya baraza. Mwaka 2021 Amer Ghalib, mzaliwa wa Yemen, alimshinda Bibi Majewski, aliyekuwa meya tangu mwaka 2006. Na Januari 2022 meya na madiwani wote sita walikuwa Waislamu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika mji mwingine wowote wa Marekani. Mwaka 2023 baraza hilo liliruhusu watu kuchinja majumbani kwa ajili ya ibada, kwa sharti la kutoa taarifa, kulipa ada na kukubali kukaguliwa usafi. Mwaka huohuo likapitisha azimio la kuweka mpaka wa bendera zinazopandishwa katika milingoti ya mji, na ile ya upinde wa mvua, ambayo ni alama ya watu wa jinsia moja wanaopendana, ikawa imezuiliwa. Waliolitetea walisema mali ya mji isipendelee kundi lolote. Waliolipinga, na wengine wao walisimama upande wa Waislamu mwaka 2004, walisema wamelipwa ubaya kwa wema. Kila mmoja wetu anayo itikadi yake katika jambo hilo. Lakini lile la kuwa waliokuwa wakiomba jana ndio wanaoombwa leo, hilo halina ubishi.

Na hapo ndipo tulipotaka kufika. Wapolandi wa Hamtramck walikuwa wageni waliodharauliwa, wakashika baraza, wakawafukuza jirani zao weusi, na mahakama ikawahukumu. Lakini baadhi ya wana wao, miaka mingi baadaye, waliwapa Waislamu haki ya adhana ingawa wangaliweza kuwanyima. Ni watu wa mji mmoja, wenye madaraka yaleyale. Tofauti ni jinsi walivyoyatumia. Dini yetu imetufunza kuwa uongozi ni amana, na kwamba haki ya jirani haipotei kwa kuwa yeye si wa dini yetu. Kwa hiyo baraza la Waislamu halipimwi kwa kuwa ni la Waislamu, bali kwa jinsi mnyonge anavyotoka mlangoni pake.

Enyi vijana, nanyi mna mabaraza yenu huko mliko. Wajueni madiwani wenu, hudhurieni mikutano, someni sheria kabla ya kuzilalamikia, na andikisheni majina yenu katika daftari la kura. Na siku mtakapokalia viti hivyo nyinyi wenyewe, kumbukeni kwamba havikai na mtu milele. Mtendeeni jirani jambo ambalo hamtalionea haya siku atakapokalia yeye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kutuwezesha.