Kutu, chumvi na Peugeot ya baba

Najua mmezoea nikiandika kuhusu programu, seva na simu. Leo nina mada tofauti kidogo: chuma. Kwa miezi minne sasa, kila Jumamosi na Jumapili nimekuwa chini ya Peugeot 504 ya mwaka 1978, nyuma ya nyumba yetu hapa Nyali, nikipambana na kutu. Marafiki wananiuliza kwa nini nisimwachie fundi, nirudi kwenye kompyuta yangu. Sababu ni hizi, pamoja na yale niliyojifunza.

Kwanza, gari lenyewe. Wenye umri wangu huenda hamkumbuki, lakini waulizeni wazee wenu. 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari la mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu ilijipatia jina kwenye Safari Rally: Ove Andersson alishinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Yetu si ya mashindano. Ni saluni ya kawaida, rangi ya maziwa, iliyotupeleka shule na kuturudisha.

Baba alipofariki mwaka 2015, gari lilibaki chini ya mwarobaini, limefunikwa turubai. Mwaka 2022 lilikaribia kuuzwa kwa kilo, lakini Januari serikali ikasimamisha biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, na mnunuzi na mkokoteni wake hakuja. Mwaka huu mama ametoa tarehe ya mwisho: "Masika yakiisha kabla halijatembea, mwanangu, linaondoka. Siwezi kuangalia gari la marehemu likioza mbele ya macho yangu." Ndiyo maana nina haraka.

Mbona Nyali inakula magari?

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni kwa msaada wa maji. Ubaya wake ni kwamba haimkingi aliyebaki. Alumini ikishika hewa hujitengenezea ngozi nyembamba inayoziba, mambo yakaishia hapo. Kutu hupasuka na kubanduka, hewa ikaingia tena. Isitoshe, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo sababu unaona rangi imefura kama lengelenge. Ukiona lengelenge, ujue kazi ilianza zamani.

Sasa ongeza bahari. Chumvi inayoletwa na upepo hufanya mambo mawili: inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati linabaki bichi hata siku isiyo na mvua, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma. Turubai nalo linazuia jua lakini linafungia unyevu chini yake.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya daraja. Mwaka 1697 meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus, na kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia wakaichimba. Chuma kilichotoka baharini hakiwezi kuanikwa tu na kuwekwa kabatini. Chumvi imeshaingia ndani, na kikikauka kinaendelea kuoza na kumeguka vipande. Lazima chumvi itolewe kwanza, taratibu. Somo hilo ndilo nililolitumia kwa gari.

Hatua kwa hatua

1. Ramani. Nilipita gari zima na bisibisi, nikidunga kila penye shaka, nikaandika kwenye jedwali: mahali, ukubwa, hali. Nilipata sehemu 17. Milangoni karibu zote ziko chini kabisa, kwa sababu matundu ya kutolea maji yalizibwa na vumbi na majani. Kama una gari lolote, hata jipya, nenda leo ukazibue matundu hayo kwa waya.

2. Kuosha. Usitumie maji ya kisima! Visima vingi vya Nyali vina maji ya chumvi. Nilitumbukiza kile kipimo kidogo wanachotumia wenye mitambo ya kuchuja maji: ya kisima yalipita elfu moja, ya mvua kutoka paani hayakufika ishirini. Kwa hiyo nilikinga mvua kwenye mapipa, nikaosha kila sehemu mara kadhaa.

3. Kuondoa kutu. Bodi ni brashi ya waya, grainda na msasa, na miwani usiivue. Vipande vidogo kama bawaba nilivitoa kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kinafungwa upande wa hasi, chuma kingine cha kutupa upande wa chanya. Soda hiyo ni jamii ya magadi ya Ziwa Magadi, lakini magadi ghafi ya sokoni huwa na chumvi, kwa hiyo hayafai. Upande wa chanya usiweke kamwe chuma kisichoshika kutu, maana kinatoa kromiamu yenye sumu. Na fanyia nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni.

4. Asidi ya fosfori. Kutu iliyobaki kwenye vishimo inageuzwa kuwa fosfeti, nyeusi na ngumu. Hapa kwetu chuma kitupu kinaanza kuwa chekundu ndani ya saa chache, kwa hiyo ulichokisafisha asubuhi kipake jioni.

5. Kukata na kuchomelea. Penye tundu, kata mpaka ufike chuma kizima, kisha chomelea bati jipya la milimita 0.8 hadi 1, nukta moja moja huku na kule ili joto lisilipinde. Usitumie mabati ya kuezekea: yamepakwa zinki, na moshi wake ukichomelea unaleta homa.

6. Rangi. Praima ya kawaida inanyonya maji, hivyo gari lililopakwa praima tu na kuachwa nje linaendelea kuoza kimyakimya. Tumia ya epoksi, kisha rangi, na mwisho nta ndani ya mapango yote ambayo jicho halifiki. Mafundi wa majahazi walipaka mbao sifa, mafuta ya papa, kwa hoja hiyo hiyo: zuia maji yasiguse.

Kuhusu fila

Fundi wa kwanza niliyemwita alinipa bei nzuri: siku tatu, fila kila mahali, rangi juu, linang'aa. Lingeng'aa kweli, mpaka masika. Fila si mbaya ikisawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima. Juu ya tundu ni sawa na programu inayokamata kosa, inanyamaza, na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Hujarekebisha kitu, umezima kengele.

Na kengele hii inahusu roho za watu. 504 ya saluni haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Katika zile sehemu 17, kumi na nne ni za sura tu. Tatu ndizo zinazobeba gari: vizingiti viwili chini ya milango, na pale mhimili wa nyuma unapofungwa kwenye sakafu. Nilijiwekea sharti kabla sijapiga nyundo: zikiwa zimeoza mbili kati ya tatu, namwita mtu wa mkokoteni mwenyewe. Sitampandisha mama gari la kumbukumbu ambalo litakunjika kama boksi likigongwa.

Kizingiti cha kulia kililia "ting". Cha nyuma, baada ya kukwangua, "ting". Cha kushoto kilimeza bisibisi mpaka mpini.

Moja kati ya tatu. Kazi inaendelea. Lakini hicho sikukigusa. Nilimpata mzee mmoja Kongowea aliyechomelea bodi tangu kabla sijazaliwa. Kabla ya kukata chochote alifunga vyuma kukatisha nafasi za milango, ili gari lisikunjike likibaki bila mfupa. "Kijana wangu," akasema, "mlango usiofunga vizuri baada ya kazi ndio shahidi." Alipomaliza, milango minne yote ilifunga kwa kidole kimoja.

Bado sehemu tano, zote za sura, na mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa bahari. Jana mama alikuja na chai, akafungua mlango wa mbele, akaufunga, akaufungua tena. Hakusema kitu kuhusu tarehe. Aliuliza tu betri mpya ni pesa ngapi.