Nimehama, namba sijaiacha

Jamani, namba yangu ya simu ninayo tangu nimalize kidato cha nne. Bibi yangu kule Lushoto hajui kusoma, lakini namba hiyo kaandikiwa kwa mkaa ukutani jikoni. Sasa nenda kamwambie imebadilika!

Ndiyo maana nilivumilia longolongo za mtandao wangu wa zamani. Chumbani kwangu Mbagala, bila kusimama juu ya ndoo simu haishiki. Mwezi wa pili bibi kaugua, kanipigia mara nne, sipatikani. Habari niliipata kesho yake kwa shangazi, pamoja na matusi yangu.

Mshkaji mmoja akanicheka. Kumbe tangu Machi 2017 hapa Tanzania unahama na namba yako! Nikaenda kwa wakala wa mtandao mpya na kitambulisho, nikaweka vidole, nikatuma neno HAMA kwenda 15080. Sikutoa hata senti tano.

Ila msomaji, angalia: pesa iliyomo kwenye simu haihami na wewe. Itoe kwanza. Na ulipe deni la salio ulilokopa (langu lilikuwa elfu mbili, msinicheke). Vocha ya mia saba niliisahau, ikaenda na maji.

Jioni laini ya zamani ikakata, mpya ikashika. Wa kwanza kupiga, bibi.

“Mume wangu, mbona leo unasikika kama uko hapa jikoni?”

Nikamwambia ni upepo tu, bibi.